Mgeni wa Januari

Natumai kila mmoja ameshakaa, na ana kalamu na daftari lake. Aliyesahau miwani nyumbani na akae karibu na mwenziwe.

Leo nataka kukusimulieni habari ya karatasi moja ndogo. Nahodha mmoja wa Kizimkazi, jina lake silitaji kwa sababu mwenyewe ameniomba nisilitaje, alipewa karatasi hiyo na mgeni mwezi wa Januari. Mgeni alikuwa mwanamke kijana, anataka kwenda kuwaona pomboo. Wakapatana bei, wakapatana na siku. Kisha mgeni akaandika saa juu ya karatasi, akampa nahodha mkononi, akaenda zake. Juu ya karatasi ile palikuwa na tarakimu moja tu: 6.

Nahodha akasoma: sita. Wala hakukosea kusoma, maana sita ni sita. Siku ya ahadi akatengeneza mashine yake bila ya pupa, akatia mafuta, akateremka pwani saa tano na nusu ili awahi saa sita. Hakumkuta mtu. Watoto waliokuwa wakicheza mchangani wakamwambia, "Ami, mgeni wako alikuja tangu alfajiri. Amekaa hapa mpaka jua limekuwa kali, kisha kapanda gari kaondoka."

Nahodha alidhani atarudi kesho yake. Hakurudi. Usiku ule ule alipanda ndege, kwa sababu siku zake zilikuwa zimekwisha. Baadaye tulipata kujua kwamba yule mgeni ni mwalimu. Kwao ni Afrika Kusini, lakini husomesha Kiingereza katika nchi ya Korea.

Sasa hebu tuulizane. Mtu wa Afrika Kusini, anayefanya kazi Korea, alikuja kutafuta nini Kizimkazi mwezi wa Januari? Na kwa nini hakuweza kungoja hata siku moja?

Korea ni nchi ya mbali, upande wa mashariki wa bara la Asia, baina ya Uchina na Japani. Tukiwa hapa tunaadhinia adhuhuri, kule jua linakaribia kuchwa, kwani wao wametutangulia kwa muda wa saa sita. Nchi hiyo imegawika pande mbili, na sisi tunazungumzia Korea ya Kusini, ambayo mji wake mkuu unaitwa Seoul.

Mwezi wa Januari sisi huku tumo katika kaskazi. Joto limezidi, usiku mtu hulala barazani. Kule Seoul mwezi huo huo ni baridi isiyo na mfano wake kwetu. Msifikiri ni baridi ya kipupwe, ile ya kujifunika shuka mbili. Maji yakimwagwa nje huganda yakawa barafu kama ile ya ndani ya friji. Usiku wa kawaida wa Januari kipimo cha hewa hushuka digrii tano au sita chini ya sifuri, na siku nyingine hushuka zaidi ya kumi. Ipo miaka ambayo hata mto mkubwa unaopita katikati ya mji, mto Han, huganda uso wake.

Na jambo la ajabu ni hili: ile baridi yao na kaskazi yetu zina ujamaa. Wakati huo wa mwaka bara la Asia hupoa sana. Hewa ya baridi huwa nzito, nayo husukumwa kutoka bara kwenda baharini. Upande wa Korea hutoka Siberia, ikafika ingali baridi kama kisu. Upande wetu, upepo utokao pande za Bara Hindi na Arabuni hupita juu ya bahari pana yenye joto, ukatufikia ukiwa kaskazi, upepo ule ule uliokuwa ukileta majahazi Unguja zamani. Wazee wetu waliujua upepo huo vizuri. Ila hawakuwa na haja ya kujua kwamba ndugu yake anawagandisha Wakorea.

Wakorea wenyewe wanajua kuishi na baridi yao. Nyumba zao hupashwa moto kutoka chini ya sakafu, na watu hukaa chini, hula chini, na wengine hulala hapo hapo juu ya godoro jembamba. Viatu huvuliwa mlangoni. Mtu wa Kizimkazi akiingia katika nyumba ya Kikorea hatapata tabu ya adabu. Tabu yake itakuwa nje.

Skuli za Korea huanza mwaka mpya wa masomo mwezi wa Machi. Baridi inapopamba moto, mwisho wa Disemba au mwanzo wa Januari, wanafunzi hupewa likizo ndefu. Likizo hiyo ya wanafunzi huchukua wiki nyingi. Likizo ya mwalimu ni jambo jingine kabisa, na hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika.

Andikeni neno hili: mkataba. Tulitamke polepole: m-ka-ta-ba.

Serikali ya Korea ilianza mwaka 1995 mpango wa kuajiri walimu wa Kiingereza kutoka nje kwa ajili ya skuli zake. Wanaopokewa ni raia wa nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Katika Afrika nzima ni hiyo moja. Kijana wa Unguja anaweza kukijua Kiingereza kama maji, lakini kwa mpango huo mlango wake umefungwa. Mimi naliona si jambo la haki, lakini ndivyo ilivyoandikwa.

Mwalimu anayepokewa hupewa mkataba wa mwaka mmoja. Ndani yake mna mshahara wake, nyumba yake ya kukaa, na idadi ya siku zake za likizo. Siku hizo ni za kuhesabu. Skuli imefungwa, watoto wako kwao, lakini mwalimu hana budi kufika kazini. Wiki nyingine husomesha kambi ya Kiingereza, yaani masomo ya michezo na nyimbo kwa watoto ambao wazazi wao hawataki wakae bure. Wiki nyingine hukaa peke yake mezani katika skuli tupu, anatazama ukuta, mpaka saa ya kutoka. Wale wanaofanya kazi katika madarasa ya kulipia, ambayo Wakorea huyaita hagwon, mara nyingi hupata siku chache zaidi kuliko wa serikali.

Basi tupige hesabu. Shikeni kalamu. Tuseme mwalimu amepewa siku 10 za kazi. Hizo ni wiki mbili, Jumatatu mpaka Ijumaa. Akitumia na Jumamosi na Jumapili za mwanzo, za katikati na za mwisho, atapata siku 10 na siku 6, jumla 16. Sasa tutoe. Hakuna ndege itokayo Seoul moja kwa moja mpaka Unguja. Hupita Addis Ababa, au Dubai, au Doha, na safari hula kama siku nzima, mbali na usingizi. Toeni siku 2 za kuja na 2 za kurudi, na 1 ya kupumzika kabla ya kusimama mbele ya watoto. Zimebaki ngapi? Zimebaki 11.

Katika hizo 11, tuseme 5 anakwenda Bara kutazama wanyama. Zimebaki 6. Siku 2 Mji Mkongwe, 3 katika fukwe za Nungwi au Paje. Imebaki 1. Hiyo moja ndiyo ya Kizimkazi, na pomboo huonekana zaidi asubuhi. Kwa hiyo, ndugu zangu, mtu ametoka pembe ya mwisho ya Asia, na fungu letu sisi katika safari yake yote ni asubuhi moja.

Wengi wao hawaji huku hata hiyo asubuhi moja. Huenda Thailand, au Vietnam, au Filipino, kwa sababu ni karibu na Korea na nauli ni nafuu. Anayefika Unguja amekwisha kulipa nauli kubwa, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni hulipa pia bima ya Zanzibar, dola 44. Hamna haja ya kumwonea huruma, lakini ni vizuri kujua kwamba si kila mgeni ni tajiri. Mwalimu ni mwalimu kokote aliko.

Msije mkadhani kwamba kwenda ugenini kusomesha lugha yako ni jambo la Wazungu peke yao. Mwaka 1887 mji wa Berlin, Ujerumani, ulifunguliwa chuo cha lugha za mashariki, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zake. Walimu walitafutwa kwetu. Wa kwanza kutoka Unguja alikuwa Suleiman bin Said, na baada yake, mwaka 1891, akaenda Amur bin Nasur. Huyu aliandika mwenyewe habari za safari yake na za kukaa kwake Berlin, na maandishi yake yakapigwa chapa mwaka 1894. Hebu mfikirini katika baridi ile. Chuo kikifungwa, mwalimu kama yeye angekwenda wapi? Safari ya meli kurudi kwao ilikuwa ya wiki kadhaa. Likizo ingelikwisha hata nusu ya njia hajaifika.

Alikuwapo na mwingine, Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa pande za Bagamoyo. Alisomesha Berlin tangu mwaka 1900, na mwaka 1903 kikatoka kitabu maarufu cha desturi za Waswahili, ambacho sehemu kubwa ni kazi yake. Mwaka 1904 alioa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 wakafunga safari pamoja kuja kwao, Afrika ya Mashariki, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Wajerumani. Meli ilifika pwani. Lakini serikali ya kikoloni haikutaka kumwona Mwafrika na mke wa Kizungu ndani ya nchi, ikakataa wasishuke. Mtu aliiona nchi yake kwa macho, na hakuikanyaga. Wakarudi Ujerumani, na Mtoro akafia Berlin mwaka 1927.

Siku hizi Kiswahili husomeshwa hata huko Korea, katika Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni. Kwa hiyo ule mlango uliofungwa kwa Kiingereza, kwa Kiswahili upo uwazi kidogo. Akipatikana katika nyinyi mtu mwenye mtoto mwenye shahada na ulimi mzuri, na amwambie. Lakini amwambie vile vile asome mkataba wake mpaka ukurasa wa mwisho, ahesabu siku zake za likizo kabla ya kununua tikiti, na asitoke nje ya nchi ile akaiacha kadi yake ya ukaazi chumbani.

Turudi pwani kwetu. Wapo hapa wanaokumbuka wakati pomboo walipokuwa wakivuliwa ili wawe chambo cha papa. Watalii walianza kupelekwa kuwaona mwaka 1992, na uvuvi ule ukafika mwisho mwaka 1996. Mwaka uliofuata, 1997, Ghuba ya Menai ikafanywa eneo la hifadhi. Pomboo aliye hai akawa mtaji wa kijiji. Lakini wataalamu waliowachunguza pomboo hawa wameona kwamba boti zikiwa nyingi na zikiwafukuza, pomboo hupumzika kidogo kuliko kawaida yao, na wenye watoto ndio wanaotaabika zaidi. Mgeni mwenye asubuhi moja huwa na hamu kubwa, na nahodha hutaka kumridhisha, basi boti tano huzunguka kundi moja. Ni heri kumwambia mgeni kweli tangu pwani: leo tutawatazama kwa mbali, na huenda tusiwaone. Wakipiga mbizi, kuna msikiti wa Dimbani wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Msikiti haukimbii boti.

Na jambo jingine. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2026 mwanzo wake ni Februari, kwa hiyo wageni hawa wa likizo ya baridi wanaweza kuikuta. Wengi hawajui kwamba mchana si vizuri kula hadharani. Mtu anaweza kuandika kibao kizuri chenye maneno machache, akakitundika penye boti. Hiyo ni kazi ya kisomo.

Sasa ile 6. Saa ya wageni huanza kuhesabiwa usiku wa manane na adhuhuri, na yetu huanza jua linapochomoza na linapokuchwa. Ikiwa nambari ya mgeni ni 6 au ndogo kuliko 6, ongeza 6. Ikiwa ni kubwa kuliko 6, toa 6. Kwa hivyo 7 yake ni saa moja yetu, 9 yake ni saa tatu, na 4 yake ni saa kumi. Na 6 yake ni saa kumi na mbili. Yule mwalimu alikuwa pwani saa kumi na mbili ya asubuhi, kama alivyoandika.

Fungueni ukurasa mpya. Andikeni nambari hizi za mgeni zikishuka chini: 5, 8, 10, 11, 12. Mbele ya kila moja andikeni saa yetu kwa maneno, si kwa tarakimu. Kisha kila mmoja amwandikie mgeni karatasi fupi yenye jina la nahodha, siku, saa ya kukutana, na mahali, ikiwa ni Dimbani au Mkunguni. Saa iandikwe kwa njia zote mbili, yetu na yake. Mwalimu wenu wa darasa atazikusanya siku ya Jumatano, na yule nahodha wetu ameahidi kuja kuzisoma.