Ponti ya okazio chini ya pikapu ya zamani: kupima kwanza, kununua nyuma

Kwenye barabara yenye inapanda kutoka Sake kupitia Mushaki mpaka Karuba, gari ikikufa katikati ya mlima haimsumbui dereva peke yake. Nyuma kuko mifuko ya viazi, maharagi na vidumu vya maziwa, na juu ya mifuko kuko watu. Ponti ikivunjika pale, maziwa yanaharibika mbele ya kufika Goma. Na kama gurudumu limechomoka, hapo ni maisha ya watu.

Ponti mpya ni bei kali. Njo maana wenye Toyota za miaka mingi wanatafuta ponti, kardani na bwati kwenye magari yaliyokufa. Si kazi mbaya. Shida ni ile tabia ya kusema: «Inafanana, funga tu.» Kufanana kwa macho hakutoshi.

Hesabu ya meno

Ndani ya ponti kuko gurudumu kubwa la meno linalozungushwa na dogo lenye linatoka kwenye kardani. Kubwa likiwa na meno 41 na dogo 10, kardani inazunguka mara 4,1 ili gurudumu la gari lizunguke mara moja. Likiwa na 39 kwa 8, inazunguka karibu mara 4,88.

Namba kubwa inasaidia kupanda, na pia inaacha injini ishike gari vizuri wakati wa kushuka na mzigo. Huku kwetu ni faida, sababu injini ya mazutu isiyo na turbo inapoteza nguvu juu ya milima, fasi hewa ni nyepesi. Lakini mbio inapungua, na saa ya mwendo inadanganya: ukibadilisha kutoka 4,1 mpaka 4,88, itaonyesha 60 wakati gari iko kwenye 50 hivi.

Hatari kubwa iko kwa gari ya magurudumu manne yenye kuvuta. Ponti ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na hesabu moja. Mbele ikibaki 4,1 na nyuma ikiwa 4,88, magurudumu ya mbele yanataka kwenda mbio kushinda ya nyuma karibu 19 kwa mia. Kwenye matope yatateleza tu. Kwenye mawe makavu, kitu kitavunjika: kardani, bwati au ponti yenyewe.

Kupima bila kufungua ni rahisi. Ponti ikiwa chini, shika gurudumu la upande mmoja lisizunguke kabisa. Zungusha la upande mwingine mara mbili kamili, na uhesabu mizunguko ya fasi kardani inafungwa. Ikizunguka mara nne na kidogo, ni 4,1. Ikikaribia tano, ni 4,88. Tia alama ya chaki ili usipoteze hesabu. Kwa gari yenyewe, kabari zikae kwanza kwenye magurudumu ya mbele, nyanyua gurudumu moja tu la nyuma, acha freni ya mkono, weka bwati kwenye zero. Usiingie chini ya gari yenye inashikiliwa na jeki peke yake. Weka miti minene chini ya shasi.

Vipimo vingine

Pima upana, kutoka ngoma ya freni mpaka ngoma. Angalia pia kichwa cha ponti ya mbele kiko upande gani. Lazima kiwe upande mmoja na fasi kardani ya mbele inatokea kwenye bwati. Halafu pima nafasi ya viti vya lame. Vikihitaji kukatwa na kuunganishwa upya, pembe ya ponti ibaki ile ya zamani, bila hivyo viungo vya kardani vitakula haraka. Fundi aunganishe kidogo kidogo, upande huu na ule, sababu moto mwingi unapinda ponti.

Kwenye Hilux nyingi, chuma chenye kinazungusha gurudumu la nyuma njo kinabeba pia uzito wa gari. Kikivunjika karibu na gurudumu, gurudumu linaweza kutoka. Kwenye ponti ya nyuma ya Land Cruiser 79, uzito unabebwa na ponti yenyewe. Chuma kile kinazungusha tu. Kwa hiyo, kwa ponti ya Hilux, rulema zenye kelele au chuma chenye ufa si vya kurudisha.

Freni zisisahaulike. Nyuma ya Hilux nyingi kuko valvu yenye kijiti kinachoshikwa na ponti. Inapima uzito wa mzigo na kugawa nguvu ya freni. Wengine wanakiacha kikining'inia. Matokeo yake, magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga mbele ya wakati au kukosa nguvu kwenye mteremko. Safisha pia kitundu cha kupumulia cha ponti: kikiziba, mafuta yanasukumwa nje mpaka kwenye freni.

Ponti ya nani?

Gari iliyoachwa kando ya barabara iko na mwenyewe, hata kama alikimbia vita. Kuitoa ponti bila yeye ni wizi, na mwenye kuinunua anaweza kujikuta anajibu. Omba karatasi yenye jina la muuzaji na namba ya gari ilimotoka. Tena, fasi mapigano yalipita, ndani na chini ya gari kunaweza kubaki bomu. Usiiguse.

Kazi ikiisha, safari ya kwanza ifanywe bila mzigo wala abiria. Rudi, gusa ngoma zote za freni: yenye inachoma kushinda zingine iko na shida. Kaza bulo za lame tena. Kisha njo viazi vipandishwe.