Grisi Gani Yaifaa Rili ya Baharini?

Sulisuli akiisha kunaswa na ndoano hana subira nawe, mpenzi msomaji. Hutimua mbio, hujirusha juu ya maji na kupiga mbizi tena, na katika muda mfupi sana aweza kuondoka na mamia ya mita za uzi. Wakati huo kazi yote huwa imeachiwa chombo kidogo kilichofungwa kwenye ufito wa kuvulia. Chombo hicho ni rili, yaani kile kigurudumu chenye mkono wa kuzungushia ambacho huubeba mshipi. Rili ikikwama hata kwa nukta moja, uzi hukatika kama ule wa kushonea, na samaki akaenda zake.

Katika Watamu, Malindi, Mtwapa na Shimoni, wako mabaharia ambao riziki yao hutegemea wageni wanaokodi mashua kwenda kuvua maji makuu. Mgeni aliyempoteza samaki wa maisha yake kwa sababu ya rili mbovu hatoi bakshishi kwa furaha, na mwaka ujao huenda akatafuta mashua nyingine. Isitoshe, rili moja kubwa yaweza kugharimu zaidi ya mshahara wa mwezi wa mtumishi wa kawaida. Nazo familia za mijini ambazo hushuka Pwani wakati wa likizo ya Desemba zina rili zao ndogo za kuvulia miambani, ambazo aghalabu baba huzirudisha nyumbani, akaziweka kabatini na kuzisahau hadi Desemba nyingine.

Na huko kabatini ndiko rili nyingi huharibikia. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Maji yakikauka, chumvi hubaki ndani ya beringi na kati ya meno ya gia, na kwa kuwa chumvi hunyonya unyevu wa hewa, chuma huendelea kuliwa hata ukiwa Nairobi, mbali na wimbi. Huko Pwani kwenyewe hali ni hiyo hiyo wakati wa kusi, hasa Mei na Juni, bahari inapochafuka na mashua nyingi za wageni zikapumzishwa. Rili huwekwa kando wiki nyingi, na anayezifungua baadaye hukuta kutu.

Kinga ni grisi. Lakini ni grisi gani? Hapo ndipo wengi hupotea, kwani fundi wa magari aliye jirani atakuchotea yoyote aliyo nayo mkebeni.

Grisi, msomaji, ni mafuta yaliyoshikwa na kitu mfano wa sabuni ili yasitiririke. Sabuni hiyo ndiyo inayoamua tabia yake mbele ya maji. Ile iliyotengenezwa kwa sodiamu huchanganyika na maji ikawa kama maziwa, kisha ikaoshwa ikaisha. Hiyo usiikaribishe kamwe kwenye rili. Ile ya lithiamu, ambayo ndiyo imejaa katika maduka ya vipuri vya magari, hustahimili maji kiasi, lakini ya kawaida haikuundwa kupambana na chumvi. Grisi za kalsiamu huyakataa maji vizuri zaidi, na miongoni mwake iko iitwayo salfoneti ya kalsiamu, ambayo yenyewe huzuia kutu hata kabla haijatiwa dawa nyingine. Mimi ningeanza na hiyo kama inapatikana. Ikikosekana, tafuta grisi ya lithiamu iliyoandikwa wazi kuwa ni ya mashua, au ile inayopakwa kwenye beringi za trela za kubebea mashua, maana magurudumu ya trela hizo hutumbukizwa majini kila mara.

Rangi isikudanganye. Ziko grisi za buluu, kijani na nyekundu, lakini hiyo ni rangi tu iliyotiwa kiwandani. Soma maandishi. Tazama pia namba ya ugumu, ambayo hutanguliwa na herufi NLGI. Namba 2 ina uzito wa siagi ya njugu, nayo namba 1 ni laini kama nyanya za kopo. Rili kubwa za kuburura chambo nyuma ya mashua hukubali namba 2 kwenye gia. Rili ndogo za kijana anayejifunza hupenda namba 1, kwani nzito huufanya mkono uwe mgumu kuzungusha.

Wanafunzi wanaweza kulijaribu jambo hili nyumbani bila gharama. Chukua misumari mitatu ya chuma isiyopakwa madini ya kuzuia kutu. Mmoja uupake grisi ya gari, wa pili ya mashua, wa tatu uache mtupu, kisha iwekwe katika maji yenye vijiko viwili vidogo vya chai vya chumvi kwa nusu lita. Itoe kila siku, iache ipigwe na hewa, uirudishe. Jaribio hili si la maabara, lakini baada ya wiki moja au mbili kwa kawaida msumari mtupu huwa umekwisha kusema yake. Waweza pia kusugua tone la maji na grisi kidogo kati ya vidole viwili. Ikigeuka nyeupe na kuteleza ikatoka, hiyo si rafiki wa bahari.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hata mafundi hodari hulikosea: rili haipakwi grisi moja kila mahali. Gia kuu hupata grisi ya kutosha kufunika meno, wala si ya kujaza nyumba nzima, kwani ikizidi huwa mzigo na hushika mchanga. Beringi zilizoshika gurudumu la uzi, kama ni rili ya kurusha chambo kwa mkono, hutaka tone moja au mawili ya mafuta mepesi. Ukizijaza grisi, chambo kitaanguka miguuni pako. Kisha iko beringi ile inayouzuia mkono usirudi nyuma. Hii ifanyie heshima ya pekee. Ina vijiti vidogo vya chuma ambavyo lazima vishike papo hapo, na grisi nzito huvifanya viteleze. Mkono wa rili ukirudi nyuma ghafla samaki mzito anapovuta, vidole vyako ndivyo vitakavyolipa. Mafuta mepesi kidogo tu yatosha.

Breki nayo ina sheria zake. Ndani ya rili mna visahani ambavyo hukazwa ili samaki avute kwa taabu, na huko joto huwa kali. Visahani vya nyuzi za kaboni mara nyingi hupakwa grisi maalumu ya breki za rili, nyembamba kama mafuta ya kujipaka mwilini, ili viachie uzi bila kushtuka. Lakini ziko rili zilizoundwa breki yake ifanye kazi ikiwa kavu, nazo ukizipaka chochote umeziharibia. Kile kijitabu kilichokuja na rili kina kazi; usikitupe pamoja na boksi.

Skrubu zisisahauliwe. Mwili wa rili nyingi ni wa alumini na skrubu ni za chuma kisichoshika kutu. Madini hayo mawili yakikutana ndani ya maji ya chumvi, alumini huliwa polepole na skrubu ikaganda, hata siku unapotaka kuifungua kichwa chake hukatika. Paka grisi kidogo kwenye nyuzi za skrubu kabla ya kuirudisha.

Kabla ya kupaka grisi mpya, ondoa ya zamani yote. Grisi za sabuni tofauti zikichanganywa huweza kulainika na kutiririka, na hapo utailaumu bure ile uliyoinunua. Mafuta taa na mswaki mkuukuu hutosha, mbali na jiko na watoto, madirisha yakiwa wazi. Petroli iache kwenye gari. Mafuta ya kupikia nayo huganda yakawa gundi, na mafuta mazito ya kujipaka hulainika upesi juani.

Na kila urudipo kutoka baharini, kaza breki kwanza, kisha mwagia rili maji baridi yasiyo na chumvi, pole pole kama unayemwagilia miche. Mpira wa maji wenye nguvu huisukuma chumvi ndani badala ya kuitoa. Ifute, iache kivulini ikauke, kisha ilegeze breki kabla ya kuiweka.

Mkebe mmoja mdogo wa grisi ya mashua utahudumia rili za nyumbani kwa miaka. Jirani akija kuomba, mchotee kwa kijiti safi na ufunike upesi, maana punje za mchanga zikiingia mkebeni hazitoki tena.