Kutenga na Kufuta: Juu ya Mafaili Yaliyoambukizwa katika Kompyuta ya Nyumbani

Makala haya mafupi yanakusudia kueleza tofauti baina ya vitenzi viwili ambavyo kila mwenye kompyuta nyumbani hukutana navyo siku programu ya kukinga virusi inapomwonya kwamba faili fulani limeambukizwa. Hapa Kivu ya Kusini onyo hilo mara nyingi huja kwa Kifaransa: «Mettre en quarantaine» au «Supprimer». Mwalimu wa Walungu aliyewasha jenereta ili apate saa mbili tu za kuandika hana nafasi ya kutafakari. Hubofya neno analolielewa upesi, nalo ni la pili. Kwa maoni yetu, haraka hiyo huleta hasara ambayo mara nyingi huishinda ile ya virusi vyenyewe.

Tuanze na maneno. «Virusi» asili yake ni Kilatini, ambako virus lilimaanisha sumu. Kiswahili kilipolipokea, silabi yake ya kwanza ilifanana na kiambishi cha wingi cha ngeli ya KI-VI, na wasemaji wakaunda umoja «kirusi», bila kujali kwamba umbo hilo tayari ni jina la lugha ya Warusi. «Karantini» nalo latokana na Kiitaliano, quaranta, yaani siku 40 ambazo meli zilizotoka nchi zenye tauni zilizuiliwa nje ya Venice. Kabla ya hapo, mwaka 1377, mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik, ulikuwa umeamuru siku 30. Katika Afrika ya Mashariki, kisiwa cha Changuu, mbele ya mji wa Unguja, kilitumika kama karantini ya wasafiri. Sisi wa Kivu tulilisikia neno hili kwa uchungu zaidi mwaka 2019 Ebola ilipofika Mwenga, kisha mwaka 2020 kwa sababu ya Korona. Yafaa kukumbuka kwamba aliyewekwa karantini si maiti wala si mhalifu: ni mtu aliyezuiliwa mpaka hali yake ijulikane.

Ndivyo ilivyo kwa faili. Programu hulihamisha kutoka mahali pake, hubadili jina lake, na kwa kawaida huyageuza maandishi yake ya ndani kuwa fumbo ili lisiweze kuendeshwa hata kwa bahati mbaya. Wakati huohuo huandika kando lilikotoka, ili likitakiwa lirudishwe palepale. Faili lililotengwa haliwezi kuambukiza, lakini lingalipo.

Kwa upande wa «kufuta», Kiswahili kimetupa picha ya ubao na chaki: kilichofutwa hakionekani tena. Picha hiyo inadanganya kidogo. Kompyuta ikifuta, hulipiga mstari jina la faili katika daftari lake na kupahesabu mahali pale kuwa patupu, kama karani wa mtaa anayefuta jina la mkaazi hali yule mtu angali amelala ndani ya nyumba, mpaka mpangaji mwingine aje. Kwa hiyo, katika diski za sumaku, fundi huweza pengine kuyaokoa yaliyofutwa iwapo mashine haikuandikwa kitu kingine. Katika diski mpya zisizo na sahani inayozunguka, tumaini hilo ni dogo sana. Tena programu ya kukinga virusi inapofuta, mara nyingi haipitishi faili katika kile kikapu cha taka tulichokizoea.

Ipo njia ya tatu, nayo ni kusafisha. Virusi vingine ni faili zima. Ndani yake hamna kitu cha kuokoa. Lakini vingine hujipachika katika faili la mtu. Tangu mwaka 1995, kilipoonekana kirusi kilichoitwa Concept, imejulikana kwamba hati ya Word yenyewe huweza kubeba maradhi. Na hati hiyo huenda ikawa tasnifu ya mwanafunzi. Wakulima wa kwetu wataelewa upesi. Mnyauko wa migomba, uliogunduliwa Masisi mwaka 2001, ulipoenea, ushauri wa awali ulikuwa kung'oa shina pamoja na machipukizi yake yote. Baadaye watafiti waliona kwamba kukata ule mgomba mmoja unaougua, kwa panga lililopitishwa motoni, na kurudia kila ugonjwa unapotokea, kwaweza kuliokoa shamba.

Pana pia makosa ya programu zenyewe. Tarehe 21 Aprili 2010, kampuni ya McAfee ilisambaza orodha mpya ya alama za virusi ambayo ililitambua vibaya faili halali la Windows XP, svchost.exe, likahesabiwa kuwa kirusi. Kompyuta nyingi katika nchi mbalimbali zilizimika na kujiwasha bila kukoma. Faili la namna hiyo likiwa limetengwa, hurudishwa. Likiwa limefutwa, yabidi litafutwe kwingine.

Katika mazingira yetu, hata hivyo, hatari kubwa husafiri kwa flashi. Mtu hutoka Walungu na kazi yake mfukoni, huiingiza katika kompyuta mbili tatu za vyumba vya kuchapishia mjini Bukavu, na jioni hukuta kila folda imegeuka kuwa njia ya mkato yenye uzito wa kilobaiti chache. Husema kirusi kimekula mafaili, naye huifuta flashi nzima. Masimulizi ya Kimashi aliyoyarekodi kwa wazee, ambao pengine baadhi yao wamekwisha kufariki, yanapotea hapo, kwa mkono wake mwenyewe. Kumbe kwa kawaida yalikuwa yamefichwa tu. Hizo njia za mkato na programu inayoziunda ndizo za kutengwa au kufutwa. Kwanza isafishwe kompyuta, la sivyo maradhi yatarudi mara flashi ichomekwapo; kisha, iwapo flashi inaitwa E, katika dirisha la amri iandikwe attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na folda zitaonekana tena.

Ushauri wetu basi ni kutenga kwanza, kusoma jina la faili na mahali lilikotoka, kuipatia programu orodha mpya ya alama siku megabaiti zinapopatikana, na kulichunguza faili upya. Likiwa si hati yako wala si la mfumo, lifutwe. Mtumiaji aangalie tu kwamba baadhi ya programu huyafuta zenyewe yaliyotengwa baada ya muda fulani, na kwamba kuiondoa programu kwaweza kuyapoteza pia.

Limebaki suala la istilahi. Tangu Jambo OpenOffice ya mwaka 2004, vipo vielelezo vya kuieleza kompyuta kwa Kiswahili. Tungependelea «tenga» kuliko «weka karantini», maana lanyambulika vizuri: tengwa, tengea, utengaji. Kwa kitendo cha kulitoa faili huko, mtu angeshawishika kusema «tengua». Lakini neno hilo limekwisha kushikwa na hukumu na udhu, ambako lamaanisha kubatilisha. Kwa hiyo «rejesha» lafaa zaidi.