Kuanguka Polepole: Pikipiki, Mchanga wa Mwalo na Bandama

Ajali ya pikipiki inapotajwa, wengi huwaza lami na mwendo wa kasi. Hapa Kigoma-Ujiji, baadhi ya majeruhi wameanguka katika mwendo ambao mtu angeweza kuufuata kwa kukimbia. Mji umekaa juu ya vilima vinavyoshukia Ziwa Tanganyika, hivyo safari moja ya bodaboda kuelekea mwalo wa Kibirizi huweza kupita lami, changarawe, udongo mwekundu na hatimaye mchanga.

Kila ardhi ina tabia yake. Kwenye changarawe, breki ya mbele ikibanwa ghafla gurudumu hujifunga na kuteleza. Dereva abane breki zote mbili taratibu, pikipiki ikiwa wima, kabla ya kuingia kwenye kona. Kwenye mteremko, gia ndogo huifanya injini yenyewe izuie mwendo. Wanaoachia gia ili kuokoa mafuta huzitwisha breki kazi yote, nazo zikipata moto hupungua nguvu. Mchangani, mwendo uwe wa chini lakini usiokatika. Dumu la mawese likifungwa nyuma hubadili hesabu zote hizo: kwenye mpando gurudumu la mbele huwa jepesi, kwenye mteremko mzigo husukuma.

Kofia ngumu haina mjadala. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2008 yalionyesha kuwa hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 na ya jeraha la kichwa kwa asilimia 69. Lakini kofia hailindi tumbo.

Pikipiki inapozama mchangani, gurudumu la mbele hugeuka upande na ncha ya usukani humpiga dereva tumboni. Nje huonekana mchubuko mdogo wa duara, pengine hakuna alama kabisa. Mtoto aliyepakiwa mbele, juu ya tangi, huumia vivyo hivyo. Ndani, bandama huweza kuwa imepasuka. Katika mkoa huu hatari hiyo ina uzito wa pekee: utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 uliikuta Kigoma ikiongoza kwa maambukizi ya watoto wa chini ya miaka mitano, na malaria ya mara kwa mara huifanya bandama ivimbe, ishuke chini ya kinga ya mbavu, na ipasuke kwa pigo dogo.

Aliyepigwa na usukani asijihesabu mzima kwa sababu ameinuka na kuendelea na safari. Maumivu ya tumbo upande wa juu kushoto, maumivu ya bega la kushoto ambalo halikuguswa, kizunguzungu anaposimama, jasho baridi: haya huweza kuja baada ya saa kadhaa, na mara chache baada ya siku kadhaa. Asipewe chakula, wala asipakiwe mshikaki kwenye pikipiki nyingine. Litafutwe gari, alazwe.

Kwa wahudumu wa zahanati: kijana huweza kubaki na shinikizo la damu la kawaida huku amepoteza damu nyingi, mapigo ya moyo yanayozidi kupanda huonya mapema zaidi. Pima kila robo saa, andaa rufaa kabla shinikizo halijaporomoka. Kipimo cha malaria kikiwa chanya, kisikufanye uyahesabu maumivu yote hayo kuwa malaria.

Wengi hutibiwa bila upasuaji, kwa kulazwa na kufuatiliwa kwa karibu, lakini hawarudi kwenye pikipiki mpaka daktari aruhusu. Aliyeondolewa bandama anahitaji chanjo dhidi ya bakteria na chandarua kila usiku, na homa yoyote imfikishe kituoni siku ileile.