Wendell Scott na mizani ya magwiji wa NASCAR

Desemba 1, 1963, katika kiwanja cha udongo cha Speedway Park mjini Jacksonville, Florida, Wendell Scott alimpita Richard Petty zikiwa zimesalia raundi 25. Mbio zilikuwa za raundi 200. Scott alizimaliza zote akiwa mbele ya kila mtu, lakini bendera ya miraba myeusi na myeupe haikupepea. Akaendelea kukanyaga mafuta, na mwishowe akatangazwa mshindi Buck Baker, dereva aliyekuwa ameachwa nyuma kwa raundi mbili nzima. Saa kadhaa baadaye, watazamaji wakiwa wameshakwenda zao, waamuzi walikiri kwamba raundi zilihesabiwa vibaya. Scott akalipwa fedha za mshindi. Kombe lilikuwa limeshaondoka na Baker.

Huo ndio ushindi pekee alioupata Scott katika daraja la juu la NASCAR, chama kikuu cha mbio za magari ya sedani nchini Marekani. Alishiriki mbio 495, akashinda mara moja. Hata hivyo, Januari 2015 aliingizwa katika Ukumbi wa Umaarufu wa NASCAR mjini Charlotte, North Carolina, penye jina la Petty mwenye ushindi 200.

Anayesoma takwimu peke yake atauliza mtu wa ushindi mmoja ameingiaje humo. Jibu langu ni kwamba aliingia kwa haki, na kwamba habari zake ndizo kipimo bora cha kumpima kila mgombea anayefikishwa mbele ya wapiga kura wa ukumbi huo.

Mlango wa Charlotte

NASCAR ilianzia katika mkutano ulioitishwa na Bill France Mkubwa kwenye hoteli ya Streamline, Daytona Beach, Desemba 1947. Ukumbi wake ulifunguliwa Mei 2010. Watu watano wa kwanza walikuwa France mwenyewe, mwanawe Bill France Mdogo, Richard Petty, Dale Earnhardt na Junior Johnson.

Kwa dereva, sharti la kawaida ni kuwa ameshindana kwa miaka 10 au zaidi na amestaafu kwa angalau miaka miwili. Mafundi, wamiliki wa timu na viongozi nao wana nafasi. Wapiga kura ni waandishi wa habari, madereva wa zamani, wamiliki wa viwanja, wawakilishi wa watengenezaji wa magari na bingwa wa msimu, na mashabiki wana kura yao moja ya pamoja. Zamani waliingia watu watano kila mwaka. Kuanzia kundi la 2021 wanaingia watatu tu: wawili wa zama za sasa na mmoja wa waasisi, yaani wale walioanza kazi zaidi ya miaka 60 iliyopita.

Namba na zama zake

Petty alitwaa ubingwa mara 7 na kushinda Daytona 500, mbio kubwa kuliko zote za NASCAR, mara 7 vilevile. Mwaka 1967 pekee alishinda mbio 27, kati ya hizo 10 mfululizo. Rekodi hizo zina heshima yake, lakini sehemu kubwa ya ushindi wake 200 ilipatikana wakati ambapo msimu mmoja ulikuwa na mbio karibu 50, nyingi zikifanyika katika viwanja vidogo. Kuanzia 1972 ratiba ilipunguzwa sana, na leo mbio za pointi ni 36 kwa msimu. Jimmie Johnson, aliyeingia ukumbini na kundi la 2024, alipata ushindi wake 83 na ubingwa mara 7, mara tano kati ya hizo mfululizo kutoka 2006 hadi 2010, katika ratiba hiyo fupi. Kuziweka 200 na 83 sambamba bila kutaja zama zake ni kuwadhulumu wote wawili.

Kisha yupo David Pearson. Alishinda mara 105 katika mbio 574, huku Petty akishiriki mbio 1,184. Ukigawanya, Pearson alishinda asilimia 18 ya mbio zake na Petty asilimia 17. Katika misimu mingi Pearson hakushiriki ratiba nzima, na bado alipata ubingwa mara tatu, mwaka 1966, 1968 na 1969. Mtu huyo hakuwamo katika watano wa kwanza wa 2010. Alisubiri kundi la 2011. Ikiwa gwiji wa kiwango chake aliweza kuachwa nje, hata kwa mwaka mmoja, basi mizani ya kura inahitaji kuangaliwa kwa makini.

Dereva, fundi na mwenye gari

Scott alizaliwa Danville, Virginia, Agosti 29, 1921. Aliendesha teksi, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alitumikia jeshi la nchi yake huko Ulaya akiwa fundi wa magari. Aliporudi nyumbani alifungua gereji, na usiku akawa anasafirisha wiski ya magendo. Mwaka 1952 waandaaji wa mbio za Danville walitaka dereva mweusi ili wavute watazamaji. Wakawauliza polisi ni kijana gani mweusi anayejua kukimbiza gari. Polisi wakamtaja mtu waliyekuwa wamechoka kumfukuza barabarani.

Kusafirisha wiski kulimfunza Junior Johnson pia. Johnson alifungwa jela katika miaka ya 1950 kwa biashara hiyo, akamaliza kazi yake ya udereva na ushindi 50, akasamehewa na Rais Ronald Reagan mwaka 1986 na kuingia ukumbini na kundi la kwanza. Wote wawili walisoma shule moja ya barabara za usiku. Walipofika kiwanjani njia zao ziliachana. Johnson alikuwa mzungu, Scott alikuwa mweusi katika majimbo ya Kusini ya wakati wa ubaguzi wa sheria. Scott alizomewa, alitukanwa, na kuna mbio alizofukuzwa kwa sababu ya rangi yake. Aliendesha magari yaliyokwishatumika, akayatengeneza mwenyewe, na wanawe ndio waliokuwa kikosi chake cha mafundi.

Sasa zisome takwimu zake ukiwa na hayo akilini. Bingwa wa jimbo la Virginia katika daraja lake mwaka 1959. Katika daraja la juu, alimaliza ndani ya kumi bora mara 147, yaani karibu mbio tatu katika kila kumi. Kwa misimu minne mfululizo, 1966 hadi 1969, alimaliza ndani ya kumi bora wa jedwali la pointi, na mwaka 1966 alishika nafasi ya sita. Timu zilizomzidi zilikuwa na injini mpya, matairi mapya na fedha za viwanda vya magari. Ajali katika kiwanja cha Talladega mwaka 1973 ilimjeruhi vibaya, na huo ukawa msimu wake wa mwisho.

Mcheza kwao hutunzwa, husema wahenga. Scott alicheza kwao na hakutunzwa. Alifariki Desemba 1990 bila kombe lake la Jacksonville. Familia yake ilikabidhiwa kombe la ushindi huo Daytona, Agosti 28, 2021, siku moja kabla ya kutimia miaka 100 tangu azaliwe. Oktoba mwaka huohuo Bubba Wallace alishinda Talladega, akawa dereva mweusi wa pili kushinda katika daraja la juu. Kati ya ushindi wa Scott na wa Wallace ilipita karibu miaka 58. Muda huo unaonyesha ugumu wa alichokifanya Scott kuliko safu yoyote ya takwimu.

Magwiji wa viwanja vidogo

Mizani hiyohiyo inawafaa wale ambao hawakung'ara katika daraja la juu, au waling'ara humo kwa kuchelewa au kwa uvumilivu. Ray Hendrick, aliyechaguliwa kwa kundi la 2026, anakadiriwa kushinda mbio zaidi ya 700, karibu zote katika viwanja vifupi ambako kamera za televisheni hazikufika. Mike Stefanik alikusanya ubingwa 9 wa madaraja ya NASCAR bila kushinda hata mbio moja ya daraja la juu. Harry Gant, mwenzake Hendrick katika kundi la 2026, alipata ushindi wake wa kwanza wa daraja hilo akiwa na miaka 42, na Septemba 1991, akiwa na miaka 51, alishinda mbio nne mfululizo. Ricky Rudd alianza mbio 788 mfululizo bila kukosa hata moja. Uvumilivu, ufundi na uaminifu kwa viwanja vya nyumbani ni mafanikio kamili ya kazi, na wapiga kura wamefanya vema kuyatambua.

Palipobaki kasoro ni kasi ya kuyatambua. Red Farmer aliingizwa ukumbini akiwa na miaka 89, na Hershel McGriff akiwa na miaka 95. Hao walibahatika kuisikia heshima yao kwa masikio yao. Stefanik alikufa katika ajali ya ndege mwaka 2019, kabla hajachaguliwa. Hendrick alifariki mwaka 1990, na Ralph Moody, aliyechaguliwa upande wa waasisi katika kundi la 2025, mwaka 2004.

Nafasi moja ya waasisi kwa mwaka haitoshi. Kila mwaka majina matano huwekwa mbele ya wapiga kura upande huo na manne hurudishwa kusubiri, huku wenyewe, kama bado wako hai, wakiwa wazee wa miaka themanini na tisini. Nafasi zikiongezwa kuwa mbili, hadhi ya ukumbi haitapungua hata kidogo. Na kila jina linaposomwa, wapiga kura waulize mambo matatu: alishinda nini, alikuwa na nyenzo gani, na alizuiwa na nini. Mgombea aliyepimwa kwa maswali hayo yote, aingie au asiingie, atakuwa ametendewa haki.