Piga Picha Kabla Dari Haijavuja

Mtaa wa Rockey, mjini Johannesburg, unapita Bellevue kisha unaingia Yeoville na kubadili jina kuwa Raleigh. Ukiutembea Jumamosi jioni utasikia Kiswahili cha Lubumbashi na cha Dar es Salaam. Wengi wanaokizungumza ni wapangaji: chumba cha uani nyuma ya nyumba kongwe yenye paa la bati, au fleti inayogawanywa na familia mbili. Ndani mna friji, televisheni, cherehani, kompyuta ya mtoto anayesoma chuo. Hayo ni matunda ya jasho la miaka, na mengi hayana karatasi hata moja.

Kosa la kwanza ni kudhani bima ya mwenye nyumba inakulinda. Bima yake ni ya kuta na paa. Godoro lako likilowa au televisheni ikiibwa, kwa kawaida yeye hadaiwi kitu, na kampuni yake haikujui. Mpangaji anahitaji bima ya vyombo vya ndani, na akiikata aseme kweli anaishi na nani. Ukiandika kwamba nyumba ni ya familia moja huku vyumba vimepangishwa kwa watu wengine, kampuni inaweza kuikataa fidia yako hata kama hasara ni ya kweli.

Linalonisumbua zaidi ni ushahidi. Sisi hununua kwa fedha taslimu, mara nyingi kitu kilichokwishatumika, kutoka kwa mtu anayerudi kwao. Risiti hakuna. Lakini uthibitisho si risiti pekee. Ujumbe wa WhatsApp mliopatana bei, taarifa ya benki inayoonyesha umetoa fedha siku ile, picha ya sikukuu ambayo friji inaonekana nyuma ya watoto, kadi ya waranti: vyote vinaweza kusaidia. Tenga alasiri moja, upige video chumba kwa chumba, ufungue kabati, usome kwa sauti namba iliyo nyuma ya kila mashine. Kwa simu, bonyeza *#06# uandike namba inayotokea. Kisha mtumie ndugu aliye mbali nakala, kwa sababu ushahidi ulio ndani ya simu iliyoibwa umeibwa pamoja nayo.

Orodha hiyo pia inakuonyesha thamani halisi ya mali yako. Ukikatia bima ya randi 100,000 vyombo vyenye thamani ya 200,000, kisha ukapata hasara ya 40,000, kampuni inaweza kukulipa 20,000 tu, na hapo bado haijakata kiasi unachotakiwa kubeba mwenyewe. Wengi huligundua hili wakiwa wameshalia.

Dhoruba za kiangazi Johannesburg, kati ya Oktoba na Machi, huja alasiri na mvua ya mawe. Bati likitoboka, piga picha kabla ya kufagia. Funika tundu kwa turubai maji yasizidi kuharibu, tunza risiti ya turubai, na usitupe kilichoharibika mpaka mkaguzi wa kampuni akione. Kwa wizi, kampuni nyingi hutaka alama za kuvunja: piga picha kufuli na fremu kabla fundi hajagusa, kisha uende kituo cha polisi cha Yeoville upate namba ya kesi. Wapo wanaoogopa kuingia kituoni kwa sababu ya vibali vyao, na hofu hiyo naielewa. Ila bila namba hiyo dai la wizi huwa gumu mno.

Ghasia zina njia yake. Bima za kawaida haziligusi jambo hilo. Hubebwa na Sasria, shirika la serikali lililoundwa mwaka 1979 baada ya maandamano ya Soweto ya 1976. Ghasia za Julai 2021 ziliigharimu zaidi ya randi bilioni 30. Uliza kama kinga ya Sasria imo kwenye hati yako.

Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi. Una angalau siku 90 za kupinga uamuzi huo mbele ya kampuni yenyewe. Ikishikilia uamuzi wake, peleka faili lako National Financial Ombud Scheme, ofisi ya kusuluhisha malalamiko ya wateja, iliyoanza kazi Machi 2024. Hawatozi hata senti.