Saa Sita Kisimani: Muumini Mpya na Biblia Yake

Sura ya 8 ya Matendo ya Mitume inamkuta Mwafrika mmoja njiani kati ya Yerusalemu na Gaza. Si mtu mdogo. Ni towashi, mtunza hazina wa Kandake, malkia wa nchi ambayo Wagiriki waliiita Ethiopia, na ambayo leo sehemu yake kubwa imo ndani ya Sudan. Ameketi garini anasoma kitabu cha nabii Isaya, tena kwa sauti kama ilivyokuwa desturi ya siku zile, ndiyo maana mwinjilisti Filipo aliyekuwa akienda kwa miguu akamsikia. Filipo akamuuliza kama anaelewa anachosoma. Bwana mkubwa yule hakujikweza: ataelewaje, na hana wa kumwongoza?

Elimu alikuwa nayo, fedha alikuwa nazo, hata gombo lilikuwa lake mwenyewe, na gombo enzi hizo lilikuwa mali ya gharama. Bado alikwama.

Muumini mpya wa leo hukwama vilevile, ila mahali pengine. Anabatizwa, ananunua Biblia yenye zipu, na kwa kuwa kitabu huanzwa mwanzo, anaanza na Mwanzo. Mambo yanakwenda vizuri. Kuna gharika, kuna Yusufu na ndugu zake, kuna Musa na Farao. Kisha, baada ya sura ya 25 ya Kutoka, vinaanza vipimo vya hema, mbao, pete na mapazia. Akivuka hapo, Mambo ya Walawi inamsubiri na sheria zake za dhabihu na ukoma. Hapo ndipo Biblia nyingi hufungwa zipu.

Kosa si lake. Hakuna aliyemwambia kwamba alichoshika ni kabati la vitabu: 66 kwa Waprotestanti, 73 kwa Wakatoliki, vilivyoandikwa kwa Kiebrania, Kigiriki na sehemu chache kwa Kiaramu, kwa muda wa karne nyingi. Ndani yake mna sheria, mashairi, historia, methali, barua na maono, na havikupangwa kwa kufuata tarehe. Barua za Paulo, kwa mfano, zimepangwa takriban kwa urefu: Warumi yenye sura 16 inatangulia, Filemoni yenye sura moja inafunga. Wataalamu wengi wanaona kwamba Wathesalonike wa Kwanza, iliyo katikati ya msafara huo, ndiyo ya zamani kuliko zote, iliyoandikwa karibu na mwaka 50. Hata sura na mistari ni mambo ya baadaye. Sura tulizonazo zinahusishwa na Stephen Langton, askofu mkuu wa Canterbury aliyefariki mwaka 1228, na mistari ya Agano Jipya ilitiwa namba na mchapishaji Robert Estienne mwaka 1551. Wakristo wa Korintho hawakusomewa mstari mmoja wa siku. Walisomewa barua nzima.

Mstari mmoja ukitolewa kwenye barua yake unaweza kusema usichokusudia. Yeremia 29:11, ule wa Mungu kuwawazia watu wake mema, umebandikwa kwenye vioo vya daladala na kwenye kadi za mahafali. Lakini ni sehemu ya barua iliyopelekwa kwa mateka walioko Babeli. Mistari michache juu yake inawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani na waoze watoto wao huko huko ugenini, na mstari wa 10 unataja miaka 70. Wengi waliosikia barua ile ikisomwa hawangerudi kwao wakiwa hai. Ni ahadi kweli, lakini ya taifa na ya muda mrefu; mwenye kuisoma kama hakikisho la kupata kazi mwezi ujao amejiandalia huzuni.

Lugha nayo ina mitego yake. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa mji. Naam, kadhi. Basi mtu asishangae kwamba torati, zaburi, injili, toba na rehema ni maneno ambayo Mkristo anayatumia pamoja na jirani yake Mwislamu. Mtafsiri Mjerumani Karl Roehl alijaribu kuyapunguza yenye asili ya Kiarabu katika Biblia yake ya mwaka 1937, lakini tafsiri iliyokuja kushika makanisani ni ile ya Muungano ya mwaka 1952, ambayo haikuyaogopa.

Tafsiri hiyo ni tamu masikioni, ila imebeba vyeo vya zama zake. Pilato ni liwali. Ofisa wa Kirumi aliyekuja kumwombea mtumishi wake ni akida. Babu zetu walioishi chini ya sultani wa Unguja au chini ya Wajerumani waliwajua maliwali na maakida kwa sura na kwa kiboko. Kijana aliyezaliwa juzi hajui hata mmoja. Biblia Habari Njema, iliyotoka kamili katika miaka ya 1990, ikampa Pilato cheo anachokifahamu kila Mtanzania: mkuu wa mkoa. Ni vyema muumini mpya awe na zote mbili, moja ya kusikiliza ibadani, nyingine ya kuelewa nyumbani.

Fedha ndiyo inayopotosha zaidi. Katika Mathayo 18 kuna mtumishi anayedaiwa talanta 10,000 na mfalme, naye anamdai mwenzake dinari 100. Siku hizi talanta ni kipaji cha kuimba au kucheza mpira. Zamani ilikuwa uzito wa fedha, takriban dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Tuseme kibarua analipwa shilingi 10,000. Mwenzake alidaiwa shilingi milioni moja, deni zito lakini la kulipika. Yeye mwenyewe alidaiwa shilingi bilioni 600. Akiahidi kulipa zote, anaahidi kazi ya miaka 200,000. Waliomsikiliza Yesu yaelekea walicheka kwanza, kabla ya kunyamaza.

Lakini msomaji wa Kiswahili hana upungufu tu. Ana saa.

Siku ya Biblia, kama ya Mswahili, huhesabiwa saa zake tangu jua kuchomoza. Wazungu hulazimika kujumlisha na kutoa ili wajue saa ya kumi na moja ni lini. Sisi tunajua ni jioni, vivuli vimerefuka. Ndiyo maana mfano wa vibarua katika Mathayo 20 unatuingia bila mkalimani. Mwenye shamba anatoka alfajiri, kisha saa tatu, saa sita, saa tisa, hatimaye saa kumi na moja, na bado anawakuta watu wamesimama kijiweni hawajapata kazi. Aliyewahi kusubiri kibarua mpaka jioni anajua moyo unavyokuwa. Halafu wote wanalipwa dinari moja, na waliochomwa na jua kutwa wananung'unika. Nani asingenung'unika?

Saa hiyo hiyo inafungua Yohana 4. Mwanamke Msamaria anakuja kuteka maji saa sita. Mtu wa Dodoma haambiwi kitu: maji hutekwa asubuhi au jioni, na Mwanzo 24 inasema wazi kwamba jioni ndio wakati wa wanawake kwenda kisimani. Kwa nini huyu amekuja jua la utosi? Wahubiri wengi hujibu kwamba alikuwa akikwepa macho ya wenzake. Huenda. Lakini Yohana hakuandika hivyo. Alichoandika, sura moja kabla, ni kwamba Nikodemo, mwalimu mwenye heshima zake, alimjia Yesu usiku. Mwalimu gizani, mwanamke asiyetajwa jina mchana kweupe: msomaji akishaziona sura hizo mbili zikiwa jirani, anaanza kutenganisha kilichoandikwa na kilichoongezwa mimbarini. Pengine hakuna ujuzi mwingine unaomfaa zaidi mwanafunzi wa Biblia.

Ujuzi huo haupatikani peke yako chumbani. Kwa Wakatoliki wa Afrika Mashariki kuna jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu walizipa kipaumbele tangu miaka ya 1970: majirani hukutana nyumba kwa nyumba, Injili husomwa, watu hunyamaza, kisha kila mmoja husema neno lililomgusa. Kwingine kuna darasa la ubatizo, ushirika wa nyumbani au mafunzo ya Biblia siku ya kazi jioni. Kikundi kizuri ni kile ambamo mgeni anaweza kuuliza Wafarisayo walikuwa akina nani bila kuchekwa.

Anayeanza wiki hii aiache Mwanzo kwa muda. Aanze na Marko: sura 16, injili fupi kuliko zote nne, inayosomeka yote kwa sauti kati ya chakula cha jioni na kulala. Aisome mara mbili, aandike pembeni kila asichoelewa, na Jumapili aende na daftari lake kwa katekista au mchungaji.